Mjukuu Wangu, Nenda Ukauone Usiku

Mjukuu wangu, nimeambiwa unatafuta nyumba ya kununua hapa Dar es Salaam, na unanunua peke yako. Hongera. Zamani mtu alisubiri aoe au aolewe ndipo aanze kuulizia kiwanja. Leo mna mishahara yenu na akili zenu, mnanunua. Wengine hamjapata mwenza, wengine mmeachika, wengine mmefiwa, wengine hamtaki na wala si kazi yangu kuwauliza. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ninachokiogopa ni jinsi mnavyochagua. Mnachagua vigae. Mnachagua kabati za jikoni. Mnachagua geti linalofunguka kwa rimoti. Mtaa wenyewe mnauona mara moja tu, Jumamosi saa nne asubuhi, jua linawaka, dalali yuko mbele anacheka.

Keti unisikilize, tafadhali. Mji huu naujua tangu watu wa Magomeni wanakwenda Kimara kulima. Nimekuwa mjumbe, watu wamehesabiana fedha za viwanja juu ya meza yangu, na baadhi yao nimekuja kuwakuta miaka baadaye wamesimama pembeni ya vifusi, mikono kichwani. Njia hii najua inatokea wapi.

Wenye ndoa wakikosea mtaa, wamekosea wawili. Maji yakiingia, mmoja anazoa, mwingine anatafuta pampu. Mmoja akiugua, mwingine anakimbilia gari. Wewe huna huyo wa pili. Mtaa ndio utakaokuwa mwenzako, utake usitake. Basi uchunguze kama wazazi wa zamani walivyomchunguza mchumba: ukoo wake, madeni yake, na tabia zake za usiku.

Anza na usiku, nakusihi. Mchana mtaa unakuwa umeoga na kuvaa. Na kumbuka hili: dalali halali kwenye nyumba anayoisifu.

Nenda siku ya kazi. Ukitoka ofisini usiombe lifti kwa rafiki. Panda daladala ileile utakayoipanda miaka yote ya deni lako. Simama kama utakavyosimama. Shuka kituoni, uanze kutembea kwa miguu hadi kwenye hiyo nyumba, giza limeshaingia. Sasa tazama.

Tazama taa zinazowaka ni za nani. Tazama kuta. Uchochoro unaopita kati ya kuta mbili ndefu zisizo na mlango ni uchochoro mbaya, hata kama juu ya kuta hizo wameweka nyaya za umeme, kwa sababu ukipiga kelele humo, mwenye ukuta ataongeza sauti ya runinga. Tazama kama kuna duka bado liko wazi, kama kuna mtu anakaanga chipsi, kama kuna mama ameketi na kapu la maandazi ya kesho. Mangi wa duka la kona anayefunga saa nne usiku ananipa usingizi kuliko kamera yoyote.

Kisha muulize kijana wa bodaboda hapo kituoni: saa tano usiku, mvua inanyesha, unanipeleka mtaa ule kwa bei gani? Akikutajia bei kubwa, mshukuru, umeijua. Akikuambia “huko mimi siendi”, mjukuu wangu, rudi nyumbani, hiyo nyumba umekwisha kuiona.

Ukiwa binti, nakuomba mara mbili. Najua mtaniambia babu ana maneno ya kizamani. Nisemeni, lakini mtembee hiyo njia usiku kabla hamjatoa senti moja.

Usafiri. Watu wa mji huu hununua barabara ambayo haipo. Mtu anaoneshwa kiwanja Chanika ndani kabisa, au Bunju nyuma ya Bunju, anaambiwa lami inakuja, mwendokasi unakuja, stendi inakuja. Baadhi ya hayo huja kweli. Mwendokasi ulianza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na waliokuwa wamenunua karibu na njia ile walifurahi. Lakini walioahidiwa na dalali ni wengi kuliko waliofikiwa. Kwenye barabara ya ahadi hapapiti gari la wagonjwa. Nunua barabara unayoiona kwa macho, iliyotobolewa na magurudumu.

Na Kigamboni? Pazuri, upepo upo, viwanja vilivyopimwa vipo. Tangu 2016 kuna Daraja la Nyerere, nalo gari likivuka linalipia. Kuna pantoni, nayo ina siku zake. Sikukatazi. Nasema tu uhesabu kuvuka kwako kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, kwa mshahara mmoja. Nyumba yenye wawili wanaofanya kazi, hupokezana. Wewe utapokezana na nani?

Hesabu na mwili wako vilevile. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku hana jirani. Anajua majina ya makondakta, hajui jina la mama wa nyumba ya pili. Miaka mitano ikipita yuko palepale mgeni, na siku ya homa ndipo anagundua.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, usichoke.

Mwaka 2011, mwezi wa Desemba, mvua ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika. Makumi ya watu walikufa. Jangwani watu walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Serikali ikawapa wengi viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji, na baadhi yao wakarudi bondeni. Usiwacheke. Vibarua vyao vilikuwa mjini, na Mabwepande ya wakati ule ilikuwa pori. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, na wataalamu wake wote, ilijengwa hapohapo Jangwani, na maji yameifuata mara kwa mara. Mwaka 2023 ndipo watu wa bonde la Msimbazi walianza kulipwa fidia wahame, nyumba zikabomolewa.

Mto hausahau njia yake. Utauliza maji yalifika wapi, utaambiwa hapa ni mlimani. Kumbe mji huu una mabonde ambayo kiangazi huyaoni: Msasani pana Bonde la Mpunga, na jina lenyewe lilikuwa linakuambia. Tegeta, Boko, Basihaya, nako pana mahali maji hukaa hadi yanaota majani. Anayenunua kiangazi ahesabu na bei ya masika.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, muuguzi, mwenye adabu zake, alinunua nyumba upande wa Boko mwezi wa kwanza. Nilikwenda kuiona baada ya kulipa, maana kabla ya kulipa hakuna aliyeniita. Nikaingia. Soketi zote za umeme zilikuwa usawa wa kifua. Nikauliza, akasema mwenye nyumba alimwambia ni kwa ajili ya watoto wasichezee umeme. Mlangoni pana kizingiti cha zege kinachofika gotini, unainua mguu kama unapanda mtumbwi. Aliambiwa ni cha kuzuia nyoka. Na rangi ya ukuta ilikuwa mbichi kuanzia sakafuni hadi kiunoni tu. Juu yake rangi ya zamani.

Sikumwambia kitu siku ile. Fedha zilikuwa zimeshakwenda, maneno yangeongeza nini?

Mwezi wa nne maji yalikuja usiku. Alipanda juu ya meza, godoro amelibeba kichwani, akampigia mama yake Songea. Mama wa Songea angefanya nini, zaidi ya kulia naye? Akapiga kelele kwa jirani. Jirani alikuja, Mungu ambariki, lakini alikuja akiita “wewe dada wa nyumba ya kijani”, kwa sababu jina hakulijua.

Basi ukiingia kwenye nyumba, inama. Angalia kuta kwa chini. Angalia mstari wa matope nyuma ya choo, ambapo fundi wa rangi hakufika. Angalia nyumba za jirani: kama kila mlango una kizingiti kirefu, nyinyi nyote mnaishi mtoni. Muulize mtoto, usimuulize mtu mzima. Mtoto atakuambia “maji yalifika hapa” na atakuonesha kwa mkono kwenye tumbo lake. Na kama unaweza kusubiri, subiri hadi Aprili. Nyumba nzuri itakuwa haijakimbia.

Hayo ni maji yasiyotakiwa. Yanayotakiwa nayo uliza. Bomba la DAWASA lipo, sawa, lakini yanatoka siku gani? Visima vingi vya mji huu ni vya chumvi. Utaoga, hutapika chai. Ukiona kila nyumba ina simtanki kubwa juu ya mnara, elewa kwamba mtaa mzima unanunua maji ya boza. Mtu mmoja kujaza boza ni gharama ileile ya familia ya watu sita.

Karatasi. Hapa vijana mnanichosha, maana mna elimu kuliko sisi na mnatapeliwa kuliko sisi.

Muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Nimeugonga mwenyewe miaka mingi, najua unachoweza na usichoweza. Unashuhudia kwamba fulani na fulani walikuja wakauziana. Hausemi kwamba ardhi ile haikuuzwa kwa mwingine mwezi uliopita. Kiwanja cha haraka kina wenyewe wawili. Nenda ofisi ya ardhi, lipia upekuzi, uone jina lililo kwenye daftari, uone kama kuna rehani ya benki, uone deni la kodi ya pango la ardhi, maana deni hilo linafuata kiwanja, halimfuati aliyehama. Mchukue mpimaji akutafutie mawe ya mipaka chini ya majani. Ukiambiwa yapo, sema nioneshe.

Ulizia hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha Barabara ya Morogoro. Hifadhi pale ni zaidi ya mita 120 kila upande. Humo mlikuwa na maghorofa, maduka, misikiti na makanisa. Watu walikuwa na risiti za kodi, walikuwa na mita za TANESCO, wakaamini kwamba serikali inayowauzia umeme haiwezi kuwavunjia. Iliwavunjia. Na ukipenda kukaa karibu na maji, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Pima mwenyewe kwa hatua.

Anayekuuzia akiwa ana ndoa, mtafute mwenzake umwone uso kwa uso. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume. Utaletewa mwanamke asaini, kumbe ni shangazi. Nakuapia nimeyaona. Mke wa kweli akirudi kutoka Tanga akakuta umeshahamia, mtakutana Baraza la Ardhi na Nyumba, na kesi hizo zina miaka. Huku unalipa mkopo, huku unalipa wakili, huku umepanga chumba, kwa mshahara uleule mmoja.

Na jina, mwanangu. Jina liwe lako. Watakuja na maneno matamu: wewe binti, utaolewa, andika kwa jina la kaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Kaka akikupenda atakuja kukusaidia kuhamisha vyombo. Usijenge pia kwenye kiwanja cha mama wa mchumba, hata akuite mwanangu kila asubuhi. Na ukishapata hati, andika wosia. Usioneshe uso huo, sikuombei kifo. Nimezika watu wasio na mke wala mtoto, na arobaini haijafika ndugu wameshabadilisha kitasa. RITA wanapokea na kutunza wosia, nenda.

Ukiniuliza wapi basi, nitakujibu kwa moyo wangu. Penda mahali palipopimwa kabla watu hawajajenga. Sinza na Kijitonyama viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970, na hadi leo gari la taka linapita, la zimamoto linapita, na mtu anayekuja kukusaidia anapata pa kugeuzia. Baadaye, miaka ya 2000, ukaja mradi wa viwanja 20,000: Kibada, Toangoma, Buyuni, Bunju, Mbweni Mpiji. Vingine viko mbali, lakini vina ramani. Sinza ni ghali, najua. Kwenye bei hiyo afadhali vyumba viwili Sinza kuliko vyumba vitano huko ambako popo ndio watakaolala vinne. Mnajenga majumba ya kuwafurahisha wageni wa sikukuu, halafu siku nyingine zote mnafagia peke yenu.

Ghorofani nako kuna watu wa peke yao wengi siku hizi. Si pabaya. Lakini fleti inunuliwe kwa hati ya sehemu yako, sheria yake ipo tangu 2008. Usikubali kupewa mkataba na funguo tu. Uliza nani analipa pampu na lifti, na nini hufanyika asipolipa. Uliza mkandarasi ni nani na jengo lilikaguliwa na nani. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mapambo yake yangekuwa mazuri sana.

Sasa nije kwa watu, maana nyumba utaizoea, watu ndio watakaokuzoea au wasikuzoee.

Simama kwenye kona ya mtaa huo, usiongee na simu, usifanye kitu. Kaa hapo kama robo saa. Kwenye mtaa ulio hai, kabla robo saa haijakwisha mtu atakuja: “Kijana, unamtafuta nani?” Utaona kero. Mimi naona bima. Mtaa ambao haukukuuliza siku ya kwanza hautakuuliza siku tatu hujaonekana, umelala na malaria, simu imeisha chaji.

Mnapenda mageti marefu. Geti halijibu hodi, mjukuu wangu. Nimewaona wazima wakikaa nyuma ya kuta hizo na kufa humo, majirani wakajulishwa na harufu. Sisemi ukakae mahali pa vigodoro na matusi usiku kucha. Hapo utahama kabla deni halijaisha. Nasema tafuta mtaa wenye watu wanaosalimiana bila kudaiana.

Utaujuaje? Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, salimia, uulize mambo mawili. La kwanza, ulinzi shirikishi upo, na watu wanachangia? La pili, msiba ukitokea hapa, nani anashika daftari la michango? Kama daftari lipo, omba ulione. Lina majina, lina mia tano tano, lina alama za waliolipa na wasiolipa. Mtaa wenye daftari hilo utakuzika, na kabla ya kukuzika utakupeleka hospitali. Mtaa ambao hata mwenyekiti wake hajui unachouliza, ondoka, hata jiko liwe la dhahabu.

Na ukihamia, usisubiri kufuatwa. Beba sukari kilo moja, pita nyumba tatu za kulia na tatu za kushoto, sema jina lako, sema unatoka wapi, sema unaishi peke yako. Hilo la mwisho usilionee aibu, ila wateue wa kulisikia: kina mama watu wazima kwanza, vijana wa kijiweni baadaye sana. Ufunguo wa akiba mpe mmoja wao utakayemwamini baada ya kumwona kwa muda. Jiandikishe kwenye lile daftari, lipa mwezi wa kwanza.

Nakuomba tena, usisaini wiki hii. Dalali atakuambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Huyo mteja namjua, amekuwa akija kesho tangu mimi nina nywele. Mwambie asaini yeye.

Leta ile ramani na namba ya kiwanja nizione kwanza. Halafu chagua siku ya kazi, unipitie saa kumi na moja jioni, twende wote kwa daladala. Kama wingu limekaa vibaya ndiyo vizuri zaidi. Uje na viatu vya mpira, na tochi, na nauli ya babu yako.